Majogoo Wasio na Mwenyewe: Waokoe Bila Kufilisika

Ulikwenda Koboko kwenye mambo ya mahari. Wakati wa kuaga, wenyeji wakakutia mkononi jogoo mwekundu, miguu imefungwa kamba. Zawadi hairudishwi. Ukashukuru, ukapanda gari. Umefika naye Arua, umemweka chini ya meza jikoni. Saa kumi alfajiri amewika. Saa kumi na robo jirani amegonga ukuta. Matetea huna, banda huna, na mkono wa kumchinja umegoma. Sasa?

Mimi nilianza hivyo hivyo. Leo nina tisa, nalala usingizi wangu, na jirani ananisalimia.

Tuelewane kwanza. Sikuja kukuhubiria uache nyama. Kwetu West Nile jogoo ndiye heshima ya mgeni, na firigisi ina mwenyewe. Lakini wapo majogoo waliokosa nafasi mezani na nafasi uani. Kuna wa zawadi, kama huyo wako. Kuna pora aliyeingia kwa bahati mbaya kwenye boksi la vifaranga wa mayai. Mwenye mradi amemlisha miezi mitatu akisubiri yai, kumbe anasubiri kuwikiwa. Kuna mzee aliyepinduliwa na mwanawe, nyama yake inamaliza kuni. Na kuna mkali aliyemparua mtoto usoni. Hao ndio tunaowazungumzia.

Anza na hesabu

Jogoo mkubwa hula kama gramu 120 za chakula kwa siku. Wangu tisa wanakula kilo moja na kidogo. Kwa mwezi ni kama kilo 32. Chukua bei ya wiki hii ya mahindi na pumba sokoni kwenu, zidisha, kisha ongeza dawa. Namba ikikutisha, punguza majogoo. Usipunguze chakula.

Ukishapata idadi unayoimudu, iandike kwa chaki kwenye mlango wa banda. Usiiweke kichwani tu, maana kichwa kina huruma. Chaki haina.

Nenda kwa mwenyekiti wa kijiji (LC1) kabla ya jogoo wa tatu. Usisubiri lalamiko la tatu. Mweleze unachofanya, mwonyeshe banda litakaa wapi, mwombe akutajie majirani watakaoguswa. Kisha pita nyumba kwa nyumba. Ukiwa Oli au mtaa mwingine wenye Waislamu wengi, wazee watakuelewa haraka: wamefundishwa kwamba jogoo hatukanwi, kwa kuwa huamsha watu kwa sala. Hiyo haikupi ruhusa ya kuweka banda chini ya dirisha la mtu.

Kama unaishi katikati ya mji kwenye nyumba za kupanga, sema ukweli: hapo si mahali pake. Tafuta ndugu mwenye kiwanja Ayivu, Terego au Maracha, mkubaliane gharama. Methali ya jogoo la shamba kutowika mjini ilitungwa na mtu ambaye hajalala Arua.

Kumkamata na kumbeba

Mkamate usiku. Mchana utakimbizana naye mpaka mkia ubaki mkononi mwako. Usiku haoni vizuri. Zima taa, tumia tochi hafifu, funika mbawa zote mbili kwa mikono, mnyanyue kwa kifua.

Mbebe kwapani. Kichwa kielekee nyuma, mbawa zibanwe na mkono wako, miguu ishikwe kwa vidole. Habari ya kuning'iniza kuku miguu juu kwenye mpini wa baiskeli uachane nayo. Kuku akining'inia hivyo, matumbo yanalalia mapafu na pumzi inakuwa ya shida. Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu kabla ya uhuru, ingawa kwa kuku wengi wetu tunajifanya haipo.

Kwa safari ndefu tumia tenga lenye mfuniko. Boksi la katoni lenye matundu pembeni nalo linafaa. Jogoo mmoja, tenga moja. Koboko hadi Arua ni kilomita 55 hivi. Ukiweka wawili pamoja, zinatosha kabisa kumtoa mmoja jicho. Safiri asubuhi au jioni. Usikubali konda amweke kwenye buti juani.

Kamba uiangalie sana. Yule wangu wa kwanza alikuwa amefungwa kwa uzi wa nailoni, ule wa gunia. Nilidhani nimeufungua wote. Siku ya pili nikaona anachechemea. Nikamgeuza mapajani, nikamulika: uzi mmoja ulikuwa umezama ndani ya ngozi, juu kidogo ya kikwaru, na mguu umevimba pande zote mbili kama muwa uliofungwa ukingali mchanga. Hauonekani mpaka utenganishe magamba kwa kucha. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi kwa dakika kumi, kata uzi kwa mkasi mdogo wa kucha, utoe polepole kwa kuuzungusha, usiuvute. Osha, paka dawa ya kidonda. Mkague hivyo kila jogoo anayefika kwako, hata kama anatembea vizuri.

Akifika, mpe maji kabla ya chakula. Glukosi kidogo ndani ya maji inasaidia. Mwache mahali penye kivuli, pasipo na watoto wala mbwa, mpaka kesho.

Siku 21 peke yake

Hili ndilo watu wanaruka, na ndilo linaloua. Jogoo mgeni akae mbali na wenzake kwa wiki tatu. Mbali maana yake upande wa pili wa kiwanja, maji yake, chombo chake, ufagio wake.

Lisha wazima kwanza, mgeni mwisho. Ukifanya kinyume utawapelekea wote ulichokikanyaga. Weka kandambili za kule pekee.

Adui mkubwa ni mdondo, wengine huuita kideri. Ukiona kinyesi cha kijani, shingo inayojipinda, kuhema kwa mdomo wazi, au vifo vya ghafla, usipeleke kuku wala tenga mahali popote. Mwite afisa mifugo. Mdondo hauna tiba. Una chanjo.

Dukani uliza chanjo ya I-2. Sifa yake ni kuvumilia joto kuliko chanjo za kawaida, kwa hiyo inafaa huku kwetu ambako umeme unakuja na kuondoka. Hata hivyo ibebe kwenye ubaridi, usiiache juani. Ni tone moja, jicho moja. Msubiri apepese kabla ya kumwachia. Rudia kila miezi mitatu au minne. Wakikuuzia aina nyingine, fuata karatasi yake.

Kichupa kimoja kina dozi nyingi kuliko kuku wako, na kikishafunguliwa hakidumu. Basi waalike majirani. Chagua asubuhi moja, kila mtu alete kuku wake kwako au pita kwao, mchange pesa. Faida mbili: bei inashuka, na mdondo unakosa pa kuingilia. Jirani aliyechanjiwa kuku wake pia hunung'unika kidogo akisikia kuwika.

Panga chanjo moja iangukie Novemba, kabla ya kiangazi. Mdondo hupenda miezi ya vumbi, na ndiyo miezi ambayo watu, wakiogopa hasara, huuza kuku kwa bei ya kutupa. Hapo ndipo utaletewa wengi zaidi, na ndipo uwe mkali zaidi na siku 21.

Wakati bado yuko peke yake, mkague sehemu hizi: macho, pua, chini ya mbawa, chini ya mkia, magamba ya miguu. Chawa na utitiri hukaa chini ya mbawa na kuzunguka mkia. Mpulizie unga wa dawa, kisha mpe shimo la majivu na udongo mkavu aoge mwenyewe. Viroboto vyeusi vilivyoganda kwenye macho na kilemba, wala usivikwangue. Paka vaselini nene, vitakosa hewa na kudondoka. Magamba yaliyoinuka kama maganda ya nanasi ni utitiri wa miguu: osha, sugua kwa mswaki wa zamani, paka mafuta ya kupikia kila baada ya siku mbili tatu hadi yalale.

Mpe dawa ya minyoo kabla hajaungana na wenzake.

Nyumba ya makapera

Watu wataniambia: majogoo tisa pamoja? Si watauana?

Siri ni moja: usiweke tetea. Hata mmoja. Hata wa kupita. Majogoo wengi hupigania matetea, chakula na mahali pa kulala. Ondoa la kwanza, tawanya la pili, sawazisha la tatu, na wengi wao wataishi kama makapera waliopanga nyumba moja: kelele nyingi, damu kidogo. Kama unafuga matetea pia, majogoo wa ziada wakae mahali wasipowaona.

Wapo wasioweza kuishi na wenzao hata ufanyeje. Kati ya wote waliopita kwangu, wawili walikuwa hivyo. Hao wape kibanda chao, wakiona wengine kupitia wavu. Usilazimishe undugu.

Kuwaunganisha huchukua wiki mbili. Mgeni akimaliza siku zake 21, msogeze kwenye kizimba kilichotenganishwa na wavu wa waya, alale na ale akiwa anawaona. Mwanzoni watarukiana kwenye waya. Baada ya siku kadhaa utaona wanadonoa chakula pande mbili za wavu kama hawajuani. Hapo fungua mlango jioni, saa moja kabla ya giza, ukiwa umesimama pale. Wakianza kusumbuana, giza litawaamua.

Mbinu hii sikuibuni. Huko Marekani kuna hifadhi iitwayo VINE, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Miriam Jones na pattrice jones, ambaye huandika jina lake kwa herufi ndogo. Wao walifika mbali zaidi: walipokea majogoo waliotolewa kwenye mchezo wa kupiganisha kuku, wale ambao kila mtu alisema dawa yao ni kuuawa, wakawaweka mahali wanapoona wenzao wakiishi kwa amani, wakawafungulia kidogo kidogo. Kama jogoo wa ulingoni anaweza kujifunza upya, huyu wako wa mahari hana kisingizio.

Jifunze kusoma ugomvi. Manyoya ya shingo yakisimama kama mwavuli, wanapimana tu. Wakirukiana mara mbili tatu kisha mmoja akageuza shingo na kuondoka, kesi imekwisha, usiingilie. Ukiona damu, au aliyeshindwa anafuatwa hadi kona, watenganishe. Tumia beseni au kipande cha katoni katikati yao. Mkono wako usiuweke.

Aliyetoka damu mtoe siku hiyo hiyo. Kuku hudonoa chochote chekundu. Mpake GV, ile dawa ya zambarau, inasafisha na kuficha rangi ya damu.

Banda lenyewe lisikusumbue. Fundi wa nyumba za nyasi anaweza kulijenga kwa siku mbili: nguzo nne, sakafu ya fito iliyoinuliwa mita moja kutoka chini, kuta za udongo, paa la nyasi, mlango unaofungwa kwa komeo. Kinyesi kinadondoka chini. Unakizoa na kupeleka bustanini kikishakaa na kuoza. Kikiwa kibichi kinaunguza sukuma.

Fito za kulalia zote ziwe kimo kimoja. Ukiweka moja juu kuliko nyingine, kila jioni utakuwa na uchaguzi mkuu. Kila jogoo apate sentimita 30. Ukiwa na Kuroiler, wale kuku wazito wenye asili ya India, shusha fito ziwe chini ya goti lako. Mwili wao ni mzito kuliko miguu inavyomudu. Wakiruka kutoka juu kila asubuhi wanaumia nyayo, na kidonda cha wayo hakiponi upesi.

Nje waachie nafasi ya kukwepana. Mita nne za mraba kwa kila mmoja si nyingi. Weka vizuizi: rundo la kuni, kichaka, gurudumu lililosimamishwa, shuka kuukuu juu ya kamba. Jogoo anayeweza kujificha asionekane kwa dakika tano hahitaji kupigana.

Chakula kisicho cha mayai

Usiwape chakula cha matetea wanaotaga. Kina kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4 kwa ajili ya maganda ya mayai. Jogoo hatengenezi ganda lolote. Kalsiamu hiyo inaishia kwenye figo zake, na taratibu inamwua. Nunua chakula cha kuku wanaokua, au changanya mwenyewe.

Mchanganyiko wangu ni wa kawaida tu: mahindi yaliyobarazwa au mtama, pumba ya mahindi, mashudu ya simsim, na mukene (dagaa) kidogo uliosagwa. Mukene usizidishe, ni ghali na jogoo asiyekua hauhitaji sana. Majani mabichi kila siku. Kokoto ndogo pembeni, maana firigisi bila mawe haisagi.

Muhogo mkavu sawa. Muhogo mchungu mbichi na maganda yake, hapana. Una sumu, na kuku si mwerevu kiasi cha kuutambua kila mara.

Sasa protini ya bure. Sisi wa huku tunakula kumbikumbi, na kuku nao hawana tofauti na sisi. Chukua chungu kilichovunjika mdomo, kijaze nyasi kavu na samadi ya ng'ombe, nyunyizia maji mpaka vilowe. Jioni kifunike kifudifudi juu ya tundu la mchwa ulilolikwangua kidogo. Weka jani la mgomba juu kuzuia jua. Asubuhi kabla ya saa mbili kigeuze haraka, kung'uta yote mbele ya majogoo. Ukichelewa, jua likawaka, mchwa wamesharudi chini. Hama tundu baada ya siku chache ili kichuguu kisiishe.

Mwaga chakula sehemu nyingi. Majogoo tisa, sehemu kumi na moja. Maji sehemu tatu. Mkubwa hawezi kulinda kila kona.

Mkali

Jogoo akikurukia, usimpige teke. Kwake teke ni jibu la mpiganaji mwenzake. Kesho atarudi na mbinu mpya. Usikimbie pia. Simama, sogea upande wake polepole mpaka yeye apishe njia. Kisha mkamate, mweke kwapani, endelea na shughuli zako ukiwa naye dakika kumi. Teka maji, ongea na simu. Mshushe akiwa ametulia. Fanya kila siku kwa wiki mbili.

Watoto wadogo wasiingie bandani bila mkubwa. Hapa hakuna mjadala. Jogoo huruka, na uso wa mtoto wa miaka mitatu uko kimo anachofikia.

Vikwaru virefu vipunguze kwa tupa. Mfunike kichwa kwa kitambaa, mwenzako amshike, sugua ncha tu mpaka iwe butu kama ncha ya kidole. Usikate chini. Ndani ya kikwaru kuna mfupa na damu. Ukikosea, bana kwa unga wa mahindi na kidole hadi damu ikate.

Kuwika

Huwezi kumzuia. Anayekuuzia kola ya kumbana shingo anakuuzia njia ya kumnyonga polepole. Mwaka 2013 watafiti wa Japani, Shimmura na Yoshimura, walionyesha kwamba jogoo ana saa mwilini: hata ukimweka kwenye mwanga hafifu usiobadilika mchana na usiku, anajua alfajiri inakaribia.

Unachoweza ni kupunguza. Kuta nene za udongo. Tundu la hewa lielekee shambani kwako, lisielekee kwa jirani. Pasiwe na taa ya umeme inayomulika ndani. Pikipiki ikipita na taa yake, kikundi kizima kinaamka. Wafungulie saa moja asubuhi, si kabla.

Watafiti hao hao mwaka 2015 walikuta jambo litakalokusaidia. Majogoo wakiishi pamoja, mkubwa wao huwika kwanza, wengine hufuata kwa ngazi. Kwa hiyo alfajiri usijifunike shuka kichwani. Sikiliza. Siku sauti ya kwanza ikibadilika, ujue kuna mapinduzi bandani, na mchana huo uwe karibu. Nilimgundua mzee wangu amepinduliwa nikiwa bado kitandani. Saa mbili nilimkuta amejibanza nyuma ya kuni, kilemba kimechanika.

Wageni wa usiku

Kicheche, kanu na fungo hupita kwenye tundu ambalo usingeamini. Kama ngumi ya mtoto inaingia, ziba.

Siafu ni wabaya zaidi, na wengi hawawafikirii. Msimu wa mvua wakiingia bandani usiku, kuku hawana pa kukimbilia. Mwaga majivu mazito kuzunguka kila nguzo, uyaongeze kila baada ya mvua. Ukisikia kuku wanalalamika kwa sauti ya chini isiyokoma, amka. Fungua mlango wote, watoe nje gizani, uwakusanye asubuhi.

Mwizi wa miguu miwili ana kalenda: Krismasi, Pasaka, Idd. Wiki hizo tia banda kufuli.

Kumpa mwenyewe mpya

Hifadhi isiyotoa itajaa. Lakini ukimpa mtu jogoo bure, wiki ijayo ni mchuzi, na huwezi kumlaumu. Kwetu hakuna atakayeahidi kutomla jogoo wake mwenyewe.

Kwa hiyo usitoe. Azima. Tafuta mwenye matetea kama kumi ambaye jogoo wake ameanza kupanda mabinti zake mwenyewe. Huyo anahitaji damu mpya. Jogoo abaki wako, akae kwake miezi sita, kisha mzungumze tena. Mkubaliane mbele ya mtu wa tatu, mwenyekiti au mzee wa ukoo. Mali ya kuazima watu wa huku wanaiheshimu; hailiwi ovyo kama zawadi. Mimi nimeazima wanne hivyo. Mmoja aliliwa, kwenye msiba. Nilikula pia, ningefanyaje?

Akirudi, siku 21 upya.

Usivushe jogoo mpakani kiholela. Najua Ariwara ni pua na mdomo na Arua, na Kaya ipo tu ng'ambo ya Oraba. Ile lami ya kilomita 92 kutoka Vurra hadi Oraba imeturahisishia maisha. Inapitisha kuku upesi, na inapitisha mdondo upesi vilevile. Muone afisa mifugo upate kibali, hata ukihamisha kutoka wilaya moja hadi nyingine. Na ukikuta ndege wa porini wamekufa wengi mahali pamoja, usiwaguse, toa taarifa. Mafua ya ndege yaliyothibitishwa Uganda Januari 2017 yalianza kuonekana kwa ndege wa porini waliokufa huko Lutembe, kando ya Ziwa Victoria.

Siku ya kukataa

Itafika. Kwangu ilifika Jumapili moja baada ya mvua. Kijana alisimama langoni na bodaboda yake, jogoo mweupe ananing'inia kwenye mpini, macho yamefumba nusu. "Shangazi kasema wewe unapokea."

Nilimpeleka hadi mlangoni pa banda, nikamwonyesha chaki: 9. Nikamwambia hapa pamejaa, lakini sikumwacha hivyo. Tulikata kamba, tukamnywesha jogoo maji, tukamkagua miguu. Nikampa katoni yenye matundu na jina la kijiji ambako kuna mama mwenye matetea wasio na jogoo.

Alinitazama kama nimemnyima ugali. Kisha akaiweka katoni kwenye kiti cha nyuma, akaifunga kwa mpira, akaifunika juu kwa koti lake kuzuia jua. Akaondoka polepole, akikwepa madimbwi.